Betri isiyoshika moto: uende sodiamu, zinki, vanadiamu au ubaki tu na lithiamu ya fosfeti?

Kioo cha simu yangu ya zamani kilianza kunyanyuka upande mmoja, ukiilaza mezani unaona mwanga unapenya kati ya kioo na fremu, nikajua betri imevimba nikaipeleka kwa fundi. Akaichokonoa na bisibisi ya chuma ili gundi iachie, ncha ikatoboa ule mfuko wa rangi ya fedha, na ndani ya sekunde mbili tatu ukatoka moshi mweupe mzito na harufu tamu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, afu ikawaka. Kitu kidogo kuliko kiganja cha mkono lakini meza nzima iliungua. Tangu siku hiyo kila nikiona mtu anachaji simu chini ya mto roho haitulii kabisa.

Wengi wakishaona kitu kama hicho wanasema basi lithiamu ni hatari tuhamie kwingine, na kwingine kwenyewe sasa hivi ni kwingi mno, kuna sodiamu, kuna zinki, kuna vanadiamu, kuna za chumvi ya moto, kuna hizo yabisi wanazoziita solidi-steti, na zote zinauzwa na neno "salama" limeandikwa kubwa. Mimi nimefuatilia hizi betri kwa muda na naomba nizilinganishe hapa kwa namna ambayo itamsaidia mtu anayetaka kununua, maana kiukweli jina la madini siyo linalokwambia kama betri itawaka. Kinachokwambia ni kimiminika kilichomo ndani.

Tuanze na kinachoungua

Ndani ya seli ya lithiamu-ioni kuna upande chanya na upande hasi, katikati kuna plastiki nyembamba sana ya kuzitenganisha, na vyote vimelowa kwenye kimiminika kinaitwa elektrolaiti ambacho ndo njia ya ioni, yani chembe zenye chaji, kupita. Hicho kimiminika ni jamii ya viyeyusho, kinashika moto. Sasa seli ikipata shoti au ikichajiwa kupita kiasi inapata joto, kwenye nyuzi 90 hivi utando unaolinda upande hasi unaanza kuvunjika na kule kuvunjika kwenyewe kunaongeza joto, ikifika 130 ile plastiki inayeyuka pande mbili zinagusana, ikipita 200 upande chanya wenye nikeli nyingi unaanza kuachia oksijeni, kwa hiyo una mafuta una joto una oksijeni vyote ndani ya kopo moja, ndo maana ukiufunika ule moto hauzimiki, unajipumulia wenyewe. Joto linazaa joto, seli moja inamwasha jirani, jirani anamwasha wa pembeni. Maji mengi yanasaidia kwa sababu yanapoza tu, siyo kwamba yanaunyima hewa.

Hii siyo ya simu peke yake. Januari 2025 ghala la betri la Moss Landing, California, la megawati 300, liliwaka na watu zaidi ya 1,000 wa jirani wakaamriwa kuhama. Zile zilikuwa za nikeli, zinazoandikwa NMC. Na Aprili 2019 huko Arizona kontena la betri lilifuka kwa saa kadhaa, zimamoto wakafungua mlango, gesi zilizokuwa zimejikusanya ndani zikalipuka zikawajeruhi vibaya. Kumbuka hiyo ya gesi, nitairudia.

Lithiamu fosfeti kwanza, maana ndo kipimo

Huwezi kulinganisha mbadala bila kusema unazilinganisha na lithiamu ipi. Kundi la John Goodenough kule Texas ndo lililoleta fosfeti ya chuma kwenye miaka ya 1996 na 1997, na huyo mzee ndo aliyepata Nobeli ya 2019 pamoja na Whittingham na Yoshino. Uzuri wa fosfeti, zile zinazoandikwa LFP au LiFePO4, ni kwamba oksijeni imefungwa na fosforasi kwa nguvu sana, haiachii kirahisi hata seli ikichemka. Kwa hiyo moto wake ni mgumu kuanza na ukianza unaenda taratibu kuliko wa nikeli. Kwa uzito inabeba kama wati-saa 140 mpaka 190 kwa kilo wakati za nikeli zinapita 200 na zingine zinafika 260, mizunguko ya kuchaji na kutumia inafika elfu kadhaa, na umeme unaouingiza unaupata karibu wote.

Lakini elektrolaiti yake ni ileile inayowaka. Na gesi yake ikivuja ina haidrojeni nyingi, kwenye chumba kidogo kilichofungwa inaweza kulipuka kama ile ya Arizona. Kwa hiyo anayekwambia LFP haiwezi kuwaka anakudanganya, na anayekwambia LFP ni sawa tu na NMC naye anakudanganya.

Sodiamu-ioni

Hapa ndo penye maneno mengi kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sodiamu inafanya kazi kwa mtindo uleule wa lithiamu, ioni zinakwenda na kurudi, ila ioni yake ni kubwa na nzito zaidi kwa hiyo haiingii vizuri kwenye grafaiti, ile kaboni inayotumika upande hasi wa lithiamu, wanatumia kaboni ngumu badala yake. Imejaa kila mahali duniani, baharini na kwenye miamba, haina hadithi ya kobalti wala nikeli ya lazima. Kampuni ya CATL ya China ilitangaza seli yake ya kwanza 2021 ikiwa na wati-saa 160 kwa kilo, 2025 ikaja na Naxtra ya 175, yani imeshaifikia LFP kwa karibu. Baridi haiisumbui, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inatoa sehemu kubwa ya nguvu yake wakati LFP chini ya sifuri hutakiwi hata kuichaji.

Usalama wake wa kweli uko mahali ambapo wauzaji hawapasemi. Kwenye lithiamu upande hasi una foili ya shaba, ukiimaliza betri kabisa mpaka chini ya kiwango ile shaba inayeyuka kidogo kidogo, ukija kuchaji inaganda upya ovyo ovyo na kutengeneza shoti ndani, moto unakuja siku ambayo hujafanya kosa lolote. Sodiamu haichanganyiki na alumini kwa hiyo wanatumia foili ya alumini pande zote mbili, matokeo yake seli unaweza kuishusha mpaka volti sifuri, ukaisafirisha ikiwa imelala kabisa, ukaja kuiamsha. Betri isiyo na umeme ndani haina cha kuanzishia moto. Kwa mtu anayejua lithiamu kwenye shehena ya ndege hairuhusiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji tangu 2016, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Ila usilale usingizi. Elektrolaiti ya sodiamu nyingi zilizopo sokoni ni viyeyusho vilevile vinavyowaka. Ndo maana kwenye usafirishaji zimepewa namba yake, UN 3551, kwenye kundi la 9 la bidhaa hatari, kundi lilelile la lithiamu. Afu sodiamu zenyewe siyo moja. Kuna zenye upande chanya wa oksaidi, hizi zinabeba umeme mwingi lakini zinaweza kuachia oksijeni kama nikeli. Kuna za fosfeti, hizi ndo tulivu zaidi ila nzito. Na kuna za bluu ya Prussia, ileile rangi ya wachoraji, ambazo zinachaji haraka na kudumu sana lakini zikichomwa joto kali zinaweza kutoa gesi ya sianidi. Kwa hiyo ukiambiwa "sodiamu" uliza sodiamu ipi, na muuzaji akishindwa kukujibu hiyo nayo ni taarifa.

Kuna kitu kingine hakihusu moto lakini kitakuumiza kama unataka kuweka nyumbani, ni volti. Seli ya LFP inakaa kwenye volti 3.2 au 3.3 karibu muda wote, ukipanga 16 unapata 51.2 na inveta ya volti 48 inafurahi mwanzo mpaka mwisho. Seli ya sodiamu inaanza karibu na volti 4 ikijaa na inateremka mfululizo mpaka 2 au hata 1.5 ikiisha. Piga hesabu, ukipanga seli 15 inaanza karibu 59 inaishia 30 au 22.5, na inveta nyingi za 48 zinakata kwenye 40 na kidogo, kwa hiyo inveta inazima wakati ndani ya betri bado kuna umeme mwingi tu ambao umeulipia na hutautumia. Mtu anapima anasema sodiamu ni feki haifiki uwezo ulioandikwa, kumbe betri haina kosa, ni inveta haishuki huko chini. Angalia karatasi ya inveta yako pale pameandikwa volti za chini za betri kabla hujatoa hela. Faida ndogo ya huo mteremko ni kwamba mita ya kawaida ya volti inatosha kukwambia betri imebaki kiasi gani, kitu ambacho kwenye LFP ni kubahatisha.

Na bei? Sodiamu ilisifiwa sana lithiamu ilipokuwa juu mwishoni mwa 2022, afu lithiamu ikaporomoka zaidi ya asilimia 80 ndani ya miaka miwili, ile tofauti iliyokuwa inavutia ikapotea kwa kiasi kikubwa. Natron ya Marekani, waliokuwa wanatengeneza za bluu ya Prussia, walifunga 2025. Nalitaja hili kwa sababu ya dhamana, dhamana ya miaka kumi kutoka kwa kampuni isiyokuwepo ni karatasi tu.

Za maji: zinki na vanadiamu

Kama kweli kinachokusumbua ni moto, yani unataka betri ambayo ukiitoboa haiwaki, hapa ndo mahali pake, kwa sababu elektrolaiti ni maji yenye chumvi, alkali au asidi. Maji hayaungui. Tatizo la maji ni kwamba ukiyapa zaidi ya volti 1.23 kwa nadharia yanaanza kupasuka kuwa haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo seli za maji zina volti ndogo, na volti ndogo maana yake betri kubwa na nzito kwa umeme uleule. Hakuna anayekwepa hilo, mafundi wanalisogeza tu kidogo.

Zinki ni ya bei nzuri, haina sumu kubwa, tunaijua tangu zamani kwenye betri za tochi za kutupa. Shida yake ni kuichaji tena na tena, zinki ikirudi kwenye bamba hairudi pale ilipotoka, inaota vijisindano kama mizizi mpaka vinatoboa kitenganishi na seli inapata shoti. Lakini ona tofauti, kwenye lithiamu shoti ni moto, kwenye zinki ya maji shoti ni seli imekufa, unatupa unaweka nyingine. Mimi hiyo ndo naiita usalama. Nikeli-zinki yenye volti kama 1.6 kwa seli inatumika kwenye vituo vya data kushikilia umeme kwa dakika chache gridi ikikatika, inatoa nguvu nyingi kwa mkupuo. Zinki-bromini nayo ipo kwa ajili ya kuhifadhi umeme mwingi, haiwaki, ila bromini yenyewe ni sumu ikivuja na umeme unaorudi ni kama asilimia 70 ya ulioweka, na Redflow ya Australia iliyokuwa inauza hizo ikaanguka 2024. Ukiweka zinki ndani weka na dirisha, haidrojeni kidogo inatoka.

Vanadiamu mimi naipenda kwa jinsi ilivyofikiriwa. Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales ndo walioiendeleza miaka ya 1980. Unakuwa na matangi mawili ya kimiminika chenye asidi ya salfa na vanadiamu ndani yake, pampu zinakizungusha kupita kwenye seli, ukitaka umeme wa saa nyingi zaidi unaongeza ukubwa wa tangi tu. Na kwa kuwa pande zote mbili ni vanadiamu, vimiminika vikichanganyika kidogo hakuna kilichoharibika, unavisawazisha upya, betri inafanya kazi maelfu kwa maelfu ya mizunguko. Kule Dalian, China, waliwasha ya megawati 100 na megawati-saa 400 mwaka 2022. Sasa ubaya, inabeba wati-saa 15 mpaka 25 tu kwa kilo ya kimiminika, yani hata betri ya risasi ya gari inaipita, ina pampu za kutunza, asidi ikimwagika ni shughuli, na ikipata joto zaidi ya nyuzi 40 vanadiamu inaanza kuganda ndani. Kwa kiwanda, kwa gridi, sawa kabisa. Kwa sebuleni hapana.

Zilizobaki, haraka haraka

Sodiamu-nikeli-kloridi, ile ya chumvi ya moto niliyoitaja mwanzo, iliyozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1980 kwa jina la ZEBRA, ni ya ajabu, ndani ni nyuzi 270 mpaka 350 muda wote na bado ni salama, kwa sababu kauri ya katikati ikipasuka vinavyokutana vinageuka kuwa chumvi ya kawaida na alumini. Inafaa minara ya simu na sehemu zenye joto. Ila ukiiacha bila kuitumia inakula chaji yake kujipasha, kwa matumizi ya mara moja moja ni hasara.

Chuma-hewa, kutu inakuja kutu inaondoka, Form Energy ya Marekani wanaijenga itoe umeme saa 100 mfululizo. Ni ya gridi, haikuhusu wewe wala mimi kwa sasa.

Solidi-steti bado ni lithiamu, tena mara nyingi ni lithiamu tupu ya metali. Wameondoa kimiminika kinachowaka, hilo ni zuri kweli, ila zile za salfaidi zikikutana na unyevu zinatoa gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo ni sumu. Subiri.

Kwa hiyo uchukue ipi

Ya mfukoni na ya begi. Mwaka 2025 Elecom ya Japani ilitoa pawabenki ya sodiamu ya mAh 9,000, ina uzito kama gramu 350, wakati ya lithiamu ya 10,000 inaweza kuwa gramu 200 hivi. Utabeba zaidi kwa umeme kidogo, lakini wanaipa mizunguko 5,000. Kwa pawabenki inayolala kitandani na watoto mimi ningeubeba huo uzito bila kufikiria mara mbili. Kwa betri ndogo za rimoti na tochi hata usihangaike na kemia mpya, chukua nikeli-metali-haidraidi za volti 1.2, elektrolaiti ni ya maji.

Baiskeli na pikipiki za umeme. Hapa pananiuma zaidi, maana betri inaingizwa ndani usiku na kuchajiwa koridoni, mlango wa kutokea ukiwa upande wa pili wa moto. New York peke yake 2023 watu 18 walikufa kwa moto wa betri za namna hii. Kama hapo ulipo unaweza kupata ya LFP au ya sodiamu badala ya pakiti ya nikeli iliyounganishwa na fundi asiyejulikana kwa seli zilizotumika, chukua, hata kama itakupunguzia kilomita. Zinki na vanadiamu hazina nafasi huku, uzito.

Ya nyumbani ya kuhifadhi umeme wa jua. Leo hii kwa mtu wa kawaida bado nasema LFP yenye BMS nzuri, yani ile saketi ya kuilinda betri, imefungwa nje ya chumba cha kulala, ukuta usioungua, hewa inapita. Sodiamu ichukue kama sehemu yako ina baridi kali au betri itakaa muda mrefu bila kuguswa, na inveta yako inashuka volti za chini. Zinki ichukue kama una nafasi kubwa na betri lazima ikae ndani ya jengo lenye watu ambao hawawezi kukimbia, kama wodi au bweni, pale uzito na ule umeme unaopotea njiani ni gharama ndogo kabisa ukilinganisha na kinacholindwa.

Na usichanganye chaja. Chaja iliyopangwa kwa LFP inaishia volti 3.65 kwa seli, ukiipeleka kwenye sodiamu ya idadi ileile ya seli haitaijaza, na ukifanya kinyume, chaja ya sodiamu inayokwenda 3.95 au 4 kwenye LFP, hapo umeipitisha kiwango na unaitegemea BMS peke yake ikuokoe. Soketi mara nyingi zinafanana kabisa. Za kwangu nimezibandika tepu nyekundu na bluu, na betri ya ukutani iko nje kwenye baraza, mita mbili kutoka dirishani, waya mrefu niliulipia.